Kina cha Tope

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huku Quillahue, pwani ya Chile, mambo yalikwenda kinyume: mshindo mkuu ndio uliozaa kimya kingi, na kimya hicho kilimleta Mama Clorinda mlangoni kwa Yasna kila asubuhi.

"Kina gani leo, mwanangu?"

"Kilekile, Mama. Mita kumi na nne."

Mama Clorinda alipiga ishara ya msalaba, akaushika ufunguo uliofungwa pamoja na rozari shingoni, akashusha pumzi. Kisha akaacha mkate wa moto mezani, kama kawaida.

Yasna aliusogeza mkate ule kando, akarudi kwenye hesabu zake.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu tetemeko. Wavuvi walifanya walichofunzwa na babu zao: ardhi ikitikisika, rukia mashua, kata kamba, wahi kilindini kabla wimbi halijakufikia. Mashua ishirini na mbili zilitoka. Evaristo, mume wa Clorinda, baharia hodari kuliko wote, alikuwa tayari ndani ya yake, amelala usingizi wa mchana. Hakutoka. Wimbi liliizamisha mashua, tope la mteremko likaporomoka likaifukia.

"Pombe hiyo," walisema watu gatini.

Kazi ya Yasna ilikuwa kutuma sauti chini ya bahari, kupima muda wa mwangwi kurudi, na kukokotoa sauti imepenya tope kiasi gani hadi kuigonga mashua. Zaidi ya mita tano, mkuu wa bandari, Mzee Heriberto, hakuruhusu kuchimba. Yasna alikokotoa mara tisa. Kumi na nne. Mjane analeta mkate, naye hana cha kumpa ila namba.

"Mwambie apumzike," alisema Heriberto.

"Anataka kumzika mumewe, Mzee."

"Amekwambia hivyo?"

Yasna alikusanya karatasi zake. Aliliona swali halina utu.

Siku moja alizamisha bomba, akavuta tope lenyewe. Lilipofika juu lilitoa povu na uvundo. Kwa miaka arobaini viwanda vya unga wa samaki vilimwaga matumbo humo ghubani. Yalioza, yakalijaza tope gesi. Yasna alilifungua upya daftari la hesabu. Siku zote alitumia mwendo wa sauti aliofundishwa chuoni, mita elfu moja na mia tano kwa sekunde. Kwenye tope lenye mapovu sauti hujikongoja kama mgonjwa. Alipima: mia tatu na arobaini.

Mita kumi na nne zikawa tatu.

"Hesabu zako zinanuka samaki," alisema Heriberto. Lakini alitia saini.

Yasna alikimbia hadi kwa mjane, akamwambia kwenye sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. "Nilijigonga mlangoni," ndivyo alivyojibu kila aliyeuliza.

"Mita tatu tu, Mama. Ijumaa tunamtoa."

Mama Clorinda aliketi juu ya gunia la viazi.

"Hesabu hukosea, mwanangu."

"Hii haikosei."

Mjane alijipangusa unga mikononi. Hakulia. Akainuka, akamfungia mkate.

Ijumaa winchi iliivuta mashua juu, kijiji kizima kimevua kofia. Wanaume wawili waliusugua mlango wa chumba cha mashua kwa mifagio, kisha mikono yao ikasita.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kwa nje.

Yasna alitamani namba zirudi kumi na nne, lakini hakuna hesabu inayorudisha tope mahali pake. Aligeuka. Mama Clorinda alikuwa tayari anaivua rozari. Aliuweka ufunguo kiganjani mwa Heriberto.

"Aligonga sana siku ile," alisema. "Nilimsikia vizuri, kwa sikio aliloniachia. Siombi radhi."