Mafuta ya Asubuhi ya Diwali

Kwenye makazi yale ya wastaafu, asubuhi ya Diwali watu hawaogi kabla ya kupakana mafuta ya ufuta kichwani. Alamelu alipofunua shingo ya jirani yake, akaacha kupaka. Aliona alama nne nyekundu, zimepangana kama za vidole.

"Aliteleza bafuni, bibi," mhudumu aliyesimama kando yao alidakia, hata hajaulizwa.

"Bafu gani hilo lenye vidole?"

Mhudumu akacheka peke yake. "Huyu akili zimeshamruka. Acha nikamlaze." Akamkamata jirani mkono.

Bibi wote waliokuwa barazani wakanyanyuka, mafuta yakiwachuruzika mashavuni, wakaziba mlango.

"Dada," Alamelu alisema, "kuanzia leo unakaa kwangu. Haya, sema."

Jirani akauchomoa mkono wake.

"Sikuteleza."