Kiko cha Pelele

Majabalini palikuwa na Pelele mmoja mbishi kupindukia, aliyeishi pangoni na mkewe na binti yao Mashavu. Alipenda kiko kuliko chakula. Kila mavuno, kabla mtama haujaingia ghalani, Kima muuza tumbaku alikuwa amekwisha kufika na kapu lake, akaondoka na sehemu kubwa.

"Baba Mashavu," mkewe alimsihi, "tumbaku hailiwi. Mtoto analala na njaa, na moshi wako unatukaba humu ndani."

"Kifua ni changu," Pelele akajibu. "Kikiharibika, nitakohoa mimi."

Majirani waliozoea kuja kuota moto na kupiga soga wakakatika mmoja mmoja. Pelele akasema wana wivu.

Masika yalipoanza, kikohozi kikaingia pangoni. Hakikumshika Pelele, kilimshika mkewe. Pelele akakimbia kumwita Nungunungu, mganga wa majabalini. Nungunungu akatega sikio kwenye kifua cha mgonjwa, akauliza, "Mama huyu amevuta tumbaku kwa muda gani?"

"Hajavuta hata siku moja," Pelele akasema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akakitazama kiko chake.

Walimzika mvua ikinyesha. Pelele akakivunja kiko mbele ya waombolezaji, kisha akamshika binti yake mkono.

"Twende nyumbani, mwanangu. Moshi umekwisha."

Mashavu alitaka kumjibu, lakini kikohozi kikamtangulia.