Kabla Mlango Haujafunguka

Gemu ilitoka kwanza kwa mashine za mkononi. Ile ya kuchezea kwenye runinga ikacheleweshwa miezi mitatu. Tunu na mumewe Shaweji waliifungia mashine yao ya mkononi kabatini, wakaapiana kusubiri ili waanze pamoja.

Leo wamekaa mkekani, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea, askari wao wakivuka daraja. Ghafla Tunu akamrukisha wake hadi ng'ambo. Papo hapo daraja likakatika, wa Shaweji akatumbukia mtoni.

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu."

"Tuliapa, Tunu!"

Shaweji alimfufua askari wake, wakafika kwenye mlango wa chuma. Tunu alijua mlango ukifunguka tu mshale utatoka, akajikaza asimwinamishe askari wake.

Kabla mlango haujafunguka, askari wa Shaweji akainama.