Kanzidata Imemwazima Shekuwe

Siku ya matokeo ya mitihani nchi nzima iliikimbilia kwa pamoja Kanzidata, mtambo wa serikali unaojibu kila swali. Ikazidiwa, na kama sheria inavyoiruhusu, ikaazima vichwa vya watu ili ipate nguvu ya kufanya kazi. Kwetu ilimchukua mume wangu, Shekuwe, akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Macho yakabaki wazi, akawa anapumua tu.

"Jioni watamrudisha," nilimwambia binti yetu, Mwanahawa. Ndivyo ilivyo siku zote: mtu anazinduka, anauliza chai iko wapi.

Jioni hakurudi, wala kesho yake. Nikawa namlisha uji kwa kijiko, namfuta kidevu, kisha nashika simu naiuliza Kanzidata: mume wangu anarudi lini? "Bado," inajibu. Nauliza tena. Mtaa mzima ulikuwa unauliza, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake.

Leo nimempigia fundi wa Kanzidata, nikamfokea mpaka sauti ikanikauka. Alinisubiri nimalize.

"Mama, matokeo watu walimaliza kuyaangalia siku ileile. Mzigo uliobaki ni ninyi mnaouliza. Acheni kuuliza, watarudi."

Nikaifunika simu kifudifudi. Uji ukamchuruzika Shekuwe mpaka kifuani. Nikajiambia, mara moja tu, ya mwisho.

"Bado," ikajibu.

Jikoni, Mwanahawa alikokuwa akisonga ugali, mwiko ukaanguka.

"Mwanahawa?" niliita. "Mwanahawa, mwanangu?"

Harufu ya ugali unaoungua ikanifikia, na mkono wangu ukaifuata tena simu.