Mapazia ya Kura

Bi Sikudhani, fundi cherehani wa nyuma ya soko, alilinyanyua jora kwenye mwanga, akaviona vidole vyake vyote vitano upande wa pili.

"Kitambaa hiki chepesi mno kwa mapazia ya kura," alimwambia Bwana Mlekwa, msimamizi wa kura ya maoni aliyemletea kazi. "Nitie bitana?"

"Shona hivyo hivyo, mama. Watu wanakwenda kuamua juu ya katiba, hawaendi kuoga."

Alicheka peke yake. Bi Sikudhani alishona, lakini moyo haukutulia.

Siku ya kura, alipoingia kwenye kituturi cha kupigia kura, alikuta kimewekwa dirishani. Jua lilimpiga mgongoni, likatupa kivuli chake kwenye pazia. Mbele yake, ng'ambo ya pazia, Bwana Mlekwa alikuwa ameketi na daftari mapajani, kalamu mkononi, macho yakimtazama yeye.

Bi Sikudhani aliusogeza mkono wake kwenye "Ndiyo". Kalamu ya Mlekwa ikainuka. Akauhamishia kwenye "Hapana". Kalamu ikashuka kuandika, kisha ikasita.

Basi ndiyo maana hakutaka bitana.

Alifungua kanga yake ya kichwani, akaitundika juu ya pazia. Kivuli chake kikazimika. Huko nje kiti cha Mlekwa kikaburutwa sakafuni.

Aliinama kutia alama. Chini ya pindo alilolishona kwa mikono yake, ncha za viatu viwili vyeusi zilichomoza, zikatulia.