Skuta ya Kiti cha Chini

"Siyo hiyo," Husna alisema. "Nataka yenye kiti cha chini. Mtu mfupi akisimama, miguu yote miwili ikanyage lami."

Alamin akamtazama mkewe juu hadi chini. Husna alimpita urefu hata yeye. Tangu lini akajihesabu mfupi? Lakini hakuuliza. Leo hakuwa na ubavu wa kuuliza kitu.

Duka la skuta liko pale Kona ya Musa, na vijana wa bodaboda walikuwa wameshajaa barazani kama walioalikwa harusi.

"Mzee, mama aendeshe, wewe panda nyuma ushike kiuno!" mmoja akapaza sauti. Wenzake wakaangua kicheko.

Alijitakia mwenyewe. Mbele ya mama mkwe, sahani ya pilau imemnogea, alitamka: "Mwanao akipata leseni, skuta nanunua mimi." Alijua Husna hataweza. Shule ya udereva, kibali cha mwanafunzi, alama za barabarani, kisha kuzizunguka zile koni mbele ya mtahini bila kuangusha hata moja: nani angedhani muuza viazi karai atafika huko? Husna akafika. Alisema amepata shoga darasani, wakitiana moyo. Jana akamwekea leseni juu ya mto.

Si kwamba Alamin alikuwa bahili. Ila kila alichomnunulia Husna kilimtoa jasho mara mbili. Kitanda kilimtoa jasho mara mbili. Friji ndiyo usiseme. Na sasa skuta, ya Rabbi!

Akamgeukia muuzaji, Jethro, kijana wa bara. "Mwanangu, mwambie ukweli. Leseni hii mpya itamruhusu kweli?"

"Iko sawa kabisa, mzee. Nimeicheki. Bima tunakata hapa hapa, na helmeti ni ofa."

"Lakini malori ya mchanga barabara hii..."

"Baba Subira," Husna akamkata kwa upole, "wewe siku mbili uko zamu Munje, siku mbili umelala nyumbani. Viazi vyangu nani avifikishe Diani?"

"Basi tuje mwezi ujao," akasema.

"Aaa, mzee!" baraza zima likamzomea.

Alamin akaketi juu ya tairi jipya. Hata uongo ulikuwa umemwishia.

"Haya, chagua," akasema.

Husna akaenda moja kwa moja kwenye skuta nyeupe, ndefu, akaipanda ikamkaa kama kanzu iliyopimwa. "Hii inanifaa."

Jethro akachanganyikiwa. "Na ile ya kiti cha chini, madam? Si ulisema..."

"Nayo itoe."

Pale mlangoni vijana wakapisha. Akaingia mwanamke mfupi wa buibui, leseni mpya mkononi.

"Asalaam aleikum, Baba Boga," akamwamkia Alamin.

Alamin akaruka kutoka juu ya tairi.

Husna akamsogezea mgeni skuta ya chini. "Panda, shoga yangu Dama, uone kama miguu inafika. Sisi wake wenza ni sawa kwa sawa, au sivyo, mume wetu?"