Majibu ya Damu

Daktari aliisoma karatasi ya maabara mara mbili.

"Kingamwili zimeonekana, tena nyingi. Ukijumlisha na uvimbe huu wa vidole, ni baridi yabisi. Mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Dawa zipo, na tumewahi."

Mgonjwa wake, msusi wa nywele, akaangua kilio. Mwaka mzima aliamka vidole vimekakamaa, hata chanuo na ndoo ya maji vikimponyoka, na mama mkwe, aliyeketi kando yake sasa, aliwatangazia majirani kwamba mwanawe kaoa mvivu.

"Mbona unalia, na dawa zipo?"

"Nafurahi, daktari. Kumbe si uvivu."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Kisha akauchukua ule mkono uliovimba, akaupakata taratibu mapajani mwake.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kesho asubuhi usiguse ndoo."